Kikosi cha Alhamisi: Mjadala wa Uteuzi wa Wachezaji katika Fasihi ya Kandanda ya Kiaustralia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna fasihi ya Australia ilivyomchora shabiki wa kandanda ya Kiaustralia katika shughuli anayoifanya kila wiki ya msimu: kubishana kuhusu nani apangwe, nani aachwe na timu icheze kwa mbinu gani, kabla mechi haijachezwa. Matini mbili zinachunguzwa, yaani shairi la Bruce Dawe "Life-Cycle" na tamthilia ya David Williamson The Club. Matini hizo zinapimwa kwa tukio halisi: fainali ya mwaka 2010 kati ya Collingwood na St Kilda iliyoishia sare na kurudiwa baada ya siku 7. Inadaiwa kwamba Dawe amemwachia shabiki imani na kumnyima hoja, ilhali Williamson amempa hoja na kumnyima haki ya kusikilizwa. Wote wawili wameliacha nje swali gumu zaidi, nalo ni kile ambacho mjadala huo humfanyia mchezaji anayejadiliwa akiwa hayupo.

Utangulizi

Kandanda ya Kiaustralia ni miongoni mwa michezo ya zamani zaidi duniani kuwa na kanuni zilizoandikwa. Kanuni za kwanza ziliandikwa na wanachama wa klabu ya Melbourne mwezi Mei 1859. Ligi ya jimbo la Victoria ilianza mashindano yake mwaka 1897, na mwaka 1990 ikachukua jina la Ligi ya Kandanda ya Australia, ijulikanayo kwa kifupi kama AFL. Mchezo huchezwa katika uwanja wa duaradufu, wachezaji 18 kila upande, kwa mpira wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu au kwa ngumi. Goli lina pointi 6; mpira ukipita pembeni mwa goli, kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi, timu hupata pointi 1. Maelezo haya yanatosha kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, kwa kuwa kinachohakikiwa hapa ni maneno yanayoutangulia.

Maneno hayo yana siku yake. Kwa miongo mingi vikosi vya mechi za Jumamosi vilitangazwa Alhamisi usiku. Katika televisheni ya Channel Seven kulikuwa na kipindi kilichoitwa League Teams, ambamo wachezaji watatu wa zamani, Lou Richards wa Collingwood, Jack Dyer wa Richmond na Bob Davis wa Geelong, walikaa mezani, wakasoma majina na kutaniana. Hapakuwa na picha za magoli wala vielelezo vya mbinu vya kutajika; kilichowakesha watu ni majina yaliyosomwa kwa sauti na watu waliojua kuyasoma. Mhakiki wa fasihi simulizi ya Kiafrika hahitaji kushawishiwa kwamba hapo pana utendaji. Swali ni kwa nini waandishi wa Australia, waliouandika mchezo huo kwa mapenzi makubwa, wameigusa kwa nadra sana sehemu hiyo ambamo shabiki hasemi kwa kushangilia bali kwa kutoa hoja.

Uchambuzi unatumia kwa kiasi nadharia ya Usemezano ya Mikhail Bakhtin, hasa wazo lake kwamba kila neno husemwa likiwa tayari linalisikilizia jibu. Nadharia hiyo imetumika mara nyingi katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili. Katika mjadala wa kikosi inafaa zaidi pengine kuliko kwenye riwaya, maana shabiki anapolitamka jina la mchezaji amtakaye huwa amekwisha kulisikia jina ambalo jirani yake atalitaja kumpinga.

Ubeti wa Majina 18

Kabla ya kuyaendea maandishi ya Dawe na Williamson, kuna matini ya tatu ambayo haihesabiwi kuwa fasihi: orodha ya kikosi kama inavyochapishwa magazetini. Umbo lake halijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 100. Majina hupangwa katika mistari sita, kila mstari majina matatu: mabeki, nusu-mabeki, watu wa katikati, nusu-mafowadi, mafowadi, na mwisho wafuataji wa mpira, wakiongozwa na yule mrefu anayerukia mpira pale mwamuzi anapoanzisha mchezo. Chini yake hufuata wachezaji wa kubadilishana, ambao mwaka 2010 walikuwa wanne, kisha majina ya wachezaji wa dharura.

Msomaji aliyelelewa katika arudhi ya Kiswahili akiitazama orodha hiyo ataona mara moja kitu anachokijua: ubeti wa mishororo sita wenye vipande vitatu kila mshororo, yaani tasdisa iliyotungwa kwa bahari ya ukawafi. Mfanano huu una maana kwa sababu umbo ndilo linalozaa mjadala. Katika ubeti wenye vina na mizani huwezi kuling'oa neno moja na kuliacha pengo. Neno litakaloingia lazima litoshe, na likitosha kwa mizani huenda lisitoshe kwa kina, ndipo mshororo wa pili nao uguswe. Vivyo hivyo, shabiki anayetaka beki mrefu aachwe analazimika kusema nani atamlinda fowadi mrefu wa wapinzani. Akimshusha nusu-fowadi kuziba nafasi hiyo, ameuvunja mshororo wa nne. Mvua ikitabiriwa mjini Melbourne, mpira utateleza na kukaa chini, wachezaji warefu watapungukiwa na faida yao, na ubeti mzima utataka kuandikwa upya kwa kuingiza wafupi wepesi. Shabiki mzuri ni yule anayebadilisha jina moja na kuweza kuueleza ubeti wote uliosalia. Shabiki mbaya hutaja jina la kutoka bila jina la kuingia, na wenzake humcheka.

Hapa ndipo mjadala wa kikosi unapoachana na utani wa mashabiki unaofahamika zaidi Afrika Mashariki. Utani wa jadi wa Simba na Yanga, kwa mfano, ni malumbano ya pande mbili: mtani husema kinyume na mtani. Mjadala wa uteuzi hufanyika ndani ya upande mmoja. Wanaobishana wanaitakia timu ileile ushindi uleule, na kwa hiyo hawawezi kupatana kwa kusema kwamba kila mtu na timu yake. Ni ugomvi wa nyumbani, na una ukali wa ugomvi wa nyumbani.

Waumini wa Bruce Dawe

Shairi la "Life-Cycle" lilitokea katika diwani ya An Eye for a Tooth (1968), na limefundishwa katika shule za Australia kwa muda mrefu kiasi kwamba Waaustralia wengi wanalijua hata kama hawajui shairi jingine lolote la Dawe. Linafuata maisha ya mtu wa Victoria kutoka kuzaliwa hadi uzee, na katika kila hatua maisha hayo yanapimwa kwa klabu: mtoto anavishwa rangi za klabu, anajifunza kelele za uwanjani kama lugha yake ya kwanza, anakua, anazeeka, na uzeeni bado anatumaini bingwa ajaye. Mwishoni Dawe anamtaja Chicken Smallhorn, jina la utani la Wilfred Smallhorn wa Fitzroy aliyeshinda Medali ya Brownlow mwaka 1933, na kumpa sura ya miungu ya mavuno inayokufa na kufufuka.

Wahakiki wamegawanyika kuhusu iwapo shairi hili ni dhihaka au sifa. Ugomvi huo umedumu kuliko unavyostahili. Dawe anadhihaki na kusifu kwa pumzi moja, jambo ambalo mtunzi yeyote wa ngonjera za utani angelielewa bila maelezo. Udhaifu wa shairi uko mahali pengine. Watu wake hawana maoni. Wanapiga kelele, wanatumaini, wanahuzunika, wanarithisha. Lakini hakuna hata mmoja anayedhani kwamba kocha amekosea. Dawe ameazima mfumo mzima wa dini, ubatizo, ibada, ufufuo, na katika kuuazima amechukua aina moja tu ya muumini, yule asiyehoji. Ameusahau upande wa pili wa dini zote, ambao ni ubishi wa wasomaji wa maandiko. Mashabiki wa Victoria ni waumini wa aina hiyo ya pili. Wanalo andiko, nalo ni ule ubeti wa majina 18, na kila Alhamisi walilifasiri, kila mmoja akidai kwamba fasiri ya mwenzake ni upotofu.

Upungufu huu una athari katika usanii wa shairi lenyewe. Nafsineni ya Dawe inawazungumzia mashabiki kwa wingi, kama umati, kutoka juu kidogo. Umati hauwezi kubishana. Ni watu ndio hubishana. Kwa kutumia istilahi za Bakhtin, shairi lina sauti nyingi zinazosikika lakini hakuna zinazosemezana. Uzuri wake ni uzuri wa picha iliyopigwa kutoka jukwaa la juu, ambapo rangi zinaonekana vizuri na midomo haionekani.

Ted Parker, Shabiki Aliyeingia Chumbani

Williamson yuko karibu zaidi na midomo. The Club ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na Melbourne Theatre Company mwezi Mei 1977, na mwaka 1980 ikafanywa filamu na Bruce Beresford. Tamthilia haiitaji klabu kwa jina, ila filamu iliipa waziwazi jina la Collingwood, klabu ambayo wakati huo haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1958. Matukio yote hutokea katika chumba cha mikutano cha klabu. Wahusika ni sita, wote wanaume: Laurie Holden ambaye ni kocha, Ted Parker mwenyekiti, Jock Riley makamu wake aliyewahi kuwa mchezaji na kocha, Gerry Cooper mtendaji mkuu, Danny Rowe nahodha, na Geoff Hayward, kijana aliyenunuliwa kutoka Tasmania kwa fedha nyingi na ambaye hachezi kwa kiwango kilichotarajiwa.

Uhakiki mwingi wa tamthilia hii umeielekea kama tamthilia ya biashara kuuvamia mchezo. Usomaji huo ni sahihi na umekwisha kufanywa vya kutosha. Usiofanywa sana ni usomaji wa Ted Parker. Ted ni mtengenezaji wa pai za nyama. Ameipenda klabu tangu utotoni, amehudhuria mechi zake maisha yake yote, na ametoa fedha zake mwenyewe ili Geoff anunuliwe. Hajawahi kuichezea klabu. Kwa maneno mengine, Ted ni shabiki yule wa Alhamisi usiku aliyepata kile ambacho kila shabiki anadhani anakitaka: kiti katika chumba ambamo majina huamuliwa. Kumnunua Geoff Hayward ni hoja ya kishabiki iliyopewa hundi.

Williamson anafanya nini na mtu huyu? Anamwacha aongee, na maongezi yake ni ya mtu anayeyajua mambo ya klabu kwa tarehe na kwa majina. Kisha anamweka mbele ya Jock, ambaye kila hoja ya Ted huikata kwa jibu lilelile: kwamba hakuwahi kucheza. Kinacholifanya jibu hilo liume ni kwamba Jock mwenyewe, aliyecheza na kufundisha, ndiye mwenye uelewa mdogo zaidi wa watu chumbani humo. Geoff anamtungia kisa cha aibu kuhusu familia yake, kisa ambacho mtoto angekishuku, na Jock anakimeza chote. Hadhira inacheka, na katika kicheko hicho hoja nzima ya kwamba ujuzi wa mchezo hutokana na kuucheza inaanguka. Lakini inaanguka kwa kejeli tu. Katika msuko Ted ndiye anayeanguka: kashfa inamwondoa kwenye uenyekiti, na anayekikalia kiti chake ni Jock.

Williamson amelibainisha tatizo la haki ya kusema kwa ufundi ambao Dawe hakuukaribia. Hata hivyo, amelitatua kwa njia ya mkato. Ted anashindwa kwa sababu ya kosa lake la nje ya mchezo, si kwa sababu hoja zake zimepimwa zikaonekana pungufu. Iwapo Ted alikuwa sahihi kumtaka Geoff, na iwapo timu ilihitaji mchezaji wa aina ile katika nafasi ile, ni maswali yanayopeperuka kama yule ndege wa baharini ambaye Geoff anakiri kwamba alikuwa akimtazama katikati ya mechi. Tamthilia inajua kila kitu kuhusu nani ana mamlaka ya kuteua, na inasema kidogo mno kuhusu uteuzi wenyewe. Mtu aliyetoka ukumbini mwaka ule angeweza kueleza jinsi makamu mwenyekiti anavyomhujumu kocha. Asingeweza kueleza kwa nini fulani apangwe kushoto.

Historia ilimtendea Williamson wema. Miezi minne baada ya onyesho la kwanza, fainali ya ligi kati ya Collingwood na North Melbourne iliisha kwa sare, ikarudiwa wiki iliyofuata, na Collingwood ikashindwa. Ilikuwa mara ya pili katika historia ya ligi kwa fainali kurudiwa, baada ya ile ya 1948. Mara ya tatu ilikuwa 2010, na ilikuwa ya mwisho: tangu 2016 kanuni inataka muda wa nyongeza.

Wiki Moja ya Mwaka 2010

Tarehe 25 Septemba 2010, mbele ya watazamaji 100,016 katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, Collingwood iliongoza kwa pointi 24 wakati wa mapumziko na ikamaliza mechi kwa 68 dhidi ya 68 za St Kilda. Pointi iliyosawazisha ilitokana na mpira uliodunda kuelekea golini huku Stephen Milne wa St Kilda akiukimbilia. Ukadunda vibaya mbele yake, ukapita pembeni. Kengele ilipolia wachezaji walibaki wamesimama, wengine wakaketi chini, kwa maana hapakuwa na ibada iliyoandaliwa kwa matokeo ya namna hiyo.

Kwa mhakiki, wiki iliyofuata ni zawadi isiyo ya kawaida. Kwa desturi mjadala wa kikosi huwa wa kukisia, maana mechi iliyopita ilichezwa na timu nyingine. Safari hii mechi ilikuwa ileile, wapinzani walewale, uwanja uleule. Kila shabiki alikuwa na rasimu ya kwanza mkononi, imechezwa hadharani kwa dakika zake zote, na aliombwa kuihariri. Hoja za mbinu zilikuwa wazi kwa pande zote mbili. Collingwood ya kocha Mick Malthouse ilikaba kuanzia juu, ikiufungia mpira katika nusu ya wapinzani, na iliwabadilisha wachezaji mara nyingi kuliko ilivyozoeleka ili kasi isipungue. Wakati huo idadi ya mabadiliko haikuwa na ukomo, ambao uliwekwa baadaye, mwaka 2014. St Kilda ya Ross Lyon ilijengwa juu ya ulinzi na ubanaji, nayo ilikuwa na Nick Riewoldt mbele. Je, kipindi cha pili kilionyesha kwamba Collingwood ilichoka, au kwamba St Kilda ilikuwa imeupata ufunguo? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua nani atoke. Anayesema timu ilichoka huomba miguu mipya. Anayesema ufunguo ulipatikana huomba kufuli jipya.

Malthouse alimwacha Leon Davis, fowadi aliyekuwa amechaguliwa katika timu bora ya ligi mwaka 2009, na kumwingiza Tyson Goldsack. Tarehe 2 Oktoba, mbele ya watazamaji 93,853, Goldsack alifunga goli la kwanza la mechi. Collingwood ilishinda kwa 108 dhidi ya 52. Katika robo ya kwanza Riewoldt alikuwa anakaribia kupiga mpira kwenye mstari wa goli, Heath Shaw akajirusha kutoka nyuma yake na kuuzuia kwa mikono, tukio ambalo hakuna mjadala wa Alhamisi ungeweza kuliandaa.

Matokeo hayo yanaleta tatizo la kihakiki. Ushindi wa pointi 56 unaufunga mjadala kwa namna isiyo ya haki. Baada ya Jumamosi ile, kila aliyetaka Davis abaki alionekana mpumbavu na kila aliyetaka atoke alionekana mwenye hekima, ilhali tofauti ya pointi 56 haiwezi kuelezwa kwa badiliko la jina moja. Timu ingeweza kushinda pia na Davis ndani. Hapa ndipo mjadala wa kabla ya mechi unapokuwa na thamani ambayo uchambuzi wa baada ya mechi hauna: unafanywa na watu wasiojua mwisho. Hoja inasimama au inaanguka kwa nguvu zake. Dawe na Williamson wote waliandika kutoka upande wa pili wa matokeo, Dawe kutoka uzeeni akiangalia nyuma, Williamson kutoka ofisini ambako matokeo tayari ni sababu ya kumfukuza mtu. Na katika hili la ofisi lazima Williamson apewe haki yake, kwani siku Malthouse aliponyanyua kombe, makubaliano ya kumkabidhi Nathan Buckley kazi yake mwishoni mwa 2011 yalikuwa yamekwisha kufanywa tangu 2009. Laurie Holden aliamini kwamba kocha akitwaa ubingwa hawawezi kumwondoa.

Jina Kinywani

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mjadala wa kikosi ni mahali ambapo methali hii hutimia kila wiki, kwa kuwa anayejadiliwa hayupo hata mara moja. Davis hakuweza kuitwa ajibu. Sifa ya kwamba hang'ari katika fainali ilikuwa imemwandama tangu fainali za 2002 na 2003, ambazo Collingwood ilipoteza kwa Brisbane. Sifa ya namna hiyo haifanani na hoja ya mbinu. Hoja ya mbinu inasema mchezaji fulani hafai kwa mechi hii, dhidi ya hawa, katika hali hii ya hewa. Sifa inasema yeye ni mtu wa namna hii. Wabishi hupita kutoka ya kwanza hadi ya pili bila kutambua kwamba wamevuka mpaka.

Davis ni Mnoongar, mmoja wa watu wa asili wa kusini-magharibi mwa Australia, na hilo linaufanya mpaka huo uwe mzito zaidi. Hallinan, Bruce na Coram (1999) walionyesha kwamba wachezaji wa asili ya Kiaborijini walipangwa kwa wingi katika nafasi zinazohusishwa na kasi na wepesi, na kwa uchache katika nafasi za katikati zinazohusishwa na uongozi na maamuzi. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, kulikuwa na mishororo ambamo majina yao yaliruhusiwa kuingia na mingine ambamo hayakuonekana kutosha. Msamiati uliwafuata: huyu ana kipaji, yule anafanya kazi, huyu ni maajabu, yule ni tegemeo. Mwenye maajabu asipoyatenda siku moja huonekana hana kingine cha kutoa. Hakuna ushahidi, na makala haya hayadai, kwamba Malthouse alimwacha Davis kwa sababu hiyo. Uamuzi wake ulikuwa na sababu za kimchezo zinazoeleweka. Kinachodaiwa ni kwamba maneno yaliyokuwapo tayari vinywani mwa watu yaliufanya uamuzi huo uonekane wa kawaida kuliko ambavyo ungeonekana kwa mchezaji mwingine.

Na vinywa vya klabu hizi mbili vina historia. Tarehe 17 Aprili 1993, katika uwanja wa Victoria Park, nyumbani kwa Collingwood, Nicky Winmar wa St Kilda alitukanwa na mashabiki kwa sababu ya rangi yake. Timu yake iliposhinda aliwageukia, akainua fulana na kuonyesha ngozi yake kwa kidole. Picha ya tendo hilo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za mchezo huo. Mwaka 1995 ligi ilipitisha kanuni dhidi ya matusi ya rangi uwanjani. Mwaka 2021 ripoti iliyoagizwa na Collingwood yenyewe na kuongozwa na Larissa Behrendt na Lindon Coombes ilisema kwamba klabu ilikuwa na ubaguzi wa kimfumo, na mwenyekiti wa muda mrefu, Eddie McGuire, akajiuzulu mwezi huohuo ripoti ilipojulikana kwa umma.

Fasihi iliyohakikiwa hapa haina chombo cha kupokea mambo haya. Shairi lililowafanya mashabiki kuwa waumini wasio na hatia haliwezi kueleza Victoria Park ya 1993. Tamthilia iliyofunga milango ya chumba cha mikutano haiwezi kuisikia. Kitabu kinachokaribia kutoa njia nyingine hakihusu ligi kuu kabisa: The Season cha Helen Garner (2024), ambamo bibi anafuatilia msimu mmoja wa timu ya mjukuu wake ya vijana chini ya miaka 16. Garner anakiri kwamba haujui mchezo kwa undani, na mbinu hazimshughulishi sana. Lakini kwake jina lililo kwenye orodha lina mwili, lina njaa, linarudi nyumbani likiwa na tope. Ni vigumu kulifuta jina la namna hiyo kwa kalamu. Msomaji anaweza kutamani mwandishi mmoja atakayeunganisha ujuzi wa Ted Parker na macho ya bibi huyu. Hadi sasa mwandishi huyo hajaonekana katika matini zilizochunguzwa.

Mchezaji mmoja ana uhusiano na ukanda huu kwa kuzaliwa. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na wazazi kutoka Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto. Aliichezea Sydney, akaikosa fainali ya 2016 kwa jeraha la goti, kisha akahamia Port Adelaide na mwaka 2021 akateuliwa katika timu bora ya ligi kama beki. Wachezaji warefu wenye asili ya Kiafrika wamezaa swali jipya katika mjadala wa Alhamisi, la wapi mtu wa namna hiyo apangwe, na msamiati wa kasi na kipaji umekwisha kuanza kuwazunguka nao. Aliir amejijengea jina kwa kazi isiyofanana na msamiati huo: kuusoma mchezo, kujua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa.

Leon Davis, kwa upande wake, alirudi kikosini. Mwaka 2011 Collingwood ilimpanga katika ulinzi, mahali ambapo kazi ni kusoma, kupanga na kuanzisha mashambulizi kutoka nyuma. Mwisho wa msimu huo timu bora ya ligi ilipotangazwa, ikachapishwa kama kawaida katika mishororo sita ya majina matatu, jina lake lilikuwamo, miongoni mwa mabeki.